Nafasi ya Dhana za Msingi katika Miongozo ya Watumiaji wa Linux

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo dhana za msingi zinazomlenga mtumiaji anayeanza zinapaswa kudumishwa katika miongozo ya mfumo endeshi wa Linux. Hoja kuu ni kwamba dhana hizo si mapambo ya utangulizi, bali ndizo zinazozipa amri maana. Aidha, makala yanaonyesha kuwa dhana inapoondolewa katika mwongozo, uundaji wa istilahi za Kiswahili hugeuka kuwa kazi ya kubahatisha. Mwishoni panapendekezwa kigezo cha kuamua dhana ipi ibakie na ipi iachwe.

1. Utangulizi

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia shughuli zote za tarakilishi, kuanzia uhifadhi wa faili hadi uendeshaji wa programu nyingine. Linux ni mmojawapo wa mifumo hiyo. Kiini chake kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Kiini hicho kiliunganishwa na programu za mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na mfumo uliopatikana ukawa huria. Yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuusambaza.

Hata hivyo, ruhusa ni jambo moja na uwezo ni jambo jingine. Mtu aliyeruhusiwa kuutumia mfumo asiweze kuuelewa mwongozo wake hana tofauti kubwa na mtu aliyenyimwa mfumo wenyewe. Kwa sababu hiyo, swali la yale yanayostahili kuandikwa katika mwongozo si la kiufundi tu, bali linahusu pia nani atakayenufaika na uhuru huo.

2. Usuli wa Miongozo ya Linux

Linux ilirithi desturi yake ya uandishi kutoka Unix, mfumo ambao mwongozo wake wa kwanza ulitolewa mwaka 1971. Katika desturi hiyo, kila amri hupewa ukurasa wake wenye jina la amri, muundo wa matumizi, na maelezo ya vipengele vyake. Hadi leo, mtumiaji wa Linux huufungua ukurasa huo kwa kuandika neno man likifuatwa na jina la amri anayoitaka.

Ukurasa wa aina hii unafanana na kidahizo cha kamusi. Unamfaa mtu anayelijua neno analolitafuta na anayehitaji kuthibitisha matumizi yake. Lakini kamusi, hata iwe nzuri kiasi gani, haimfundishi mtu lugha. Pengo hilo lilitambuliwa mapema. Mwaka 1992 ulianzishwa mradi wa Linux Documentation Project, ambao ulikusanya miongozo ya aina mbalimbali, ukiwamo wa Larry Greenfield uliowalenga watumiaji wa kawaida.

Hadhira ya miongozo ilipanuka zaidi mnamo Oktoba 2004, toleo la kwanza la Ubuntu lilipotoka chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe limetoka katika lugha za Kinguni, nalo lina mzizi mmoja na maneno ya Kiswahili mtu na utu. Kuanzia hapo, haikuwezekana tena kuchukulia kwamba kila msomaji wa mwongozo ni mhandisi.

3. Hoja ya Ufupi

Wanaotaka dhana za msingi ziondolewe wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wanadai kwamba maelezo marefu humchosha msomaji, kwamba aliyebobea hukerwa na mambo anayoyajua, na kwamba watu wengi huanza kutenda kabla ya kusoma. Dai la mwisho lina msingi wa kitaaluma. Katika kitabu chake The Nurnberg Funnel cha mwaka 1990, John M. Carroll alitetea miongozo mifupi inayomwezesha mtumiaji kuanza kazi halisi mara moja.

Lakini Carroll hakutetea ufupi peke yake. Alisisitiza pia kwamba mwongozo umsaidie mtumiaji kulitambua kosa na kujinasua kutokana nalo. Sharti hilo la pili ndilo husahauliwa na wahariri wengi. Mtumiaji hawezi kulitambua kosa ikiwa hana dhana inayomwonyesha kwamba lililotokea ni kosa. Kufupisha kwa kuondoa porojo ni jambo jema, ila kufupisha kwa kuondoa maana ni kuufuata msemo kwamba asiyejua maana haambiwi maana, kana kwamba msemo huo ni kanuni ya uandishi.

4. Mifano Mitatu

Mfano wa kwanza unahusu ufutaji. Mtumiaji aliyezoea kufuta faili kwa kipanya anajua kwamba faili huenda katika pipa la taka, na kwamba inaweza kurejeshwa. Amri ya rm haina pipa. Isitoshe, alama ya nyota huwakilisha herufi zozote zile. Anayeandika rm -r picha* hufuta vyote vilivyomo katika folda aliyomo ambavyo majina yake huanza kwa picha. Akiacha nafasi moja kabla ya nyota, yaani rm -r picha *, tarakilishi huelewa kwamba ameagiza mambo mawili: folda ya picha ifutwe, kisha kila kitu kinachoonekana katika folda aliyomo kifutwe pia. Kwa mwanafunzi aliyehifadhi tasnifu yake hapo bila nakala nyingine, nafasi hiyo moja inaweza kugharimu kazi ya miaka miwili. Mwongozo unaotoa amri bila kueleza dhana ya nafasi, ya nyota na ya ufutaji usio na pipa ni mfupi, lakini si salama.

Mfano wa pili ni neno root. Katika Linux neno hili lina maana tatu zinazohusiana: folda ya juu kabisa ambamo folda zote nyingine hutokea, mtumiaji mwenye mamlaka yote juu ya mfumo, na folda ya nyumbani ya mtumiaji huyo. Aliyebobea huzitenganisha kwa muktadha bila kufikiri. Anayeanza, akiambiwa aingie katika root, hajui kama anaelekezwa mahali au anapewa mamlaka.

Mfano wa tatu ni ruhusa za faili, ambazo huonyeshwa kwa herufi r, w na x. Herufi mbili za kwanza, kusoma na kuandika, hazina utata mkubwa. Herufi x, kwa upande wa faili, ni ruhusa ya kuiendesha kama programu. Kwa upande wa folda, herufi hiyohiyo ni ruhusa ya kupita ndani yake na kuyafikia yaliyomo. Mtu mwenye r bila x anaweza kuyaona majina ya faili zilizo katika folda, lakini asiweze kuzifungua. Jambo hili haliwezi kukisiwa, na ni sharti lielezwe.

5. Dhana na Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

Eugen Wüster, mhandisi wa Austria anayehesabiwa kuwa mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, alishikilia kwamba dhana hutangulia jina. Mwanaistilahi huanza kwa kuibainisha dhana, ndipo akatafuta neno la kuibeba. Kanuni hii ina uzito wa pekee kwa Kiswahili, ambacho kimekwisha kuingia katika uwanja wa programu huria. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu za ofisi za OpenOffice zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Tuseme mfasiri amekabidhiwa mwongozo uliopunguzwa dhana, ambamo x imetajwa tu kuwa ruhusa ya kutekeleza. Atalazimika kuandika kutekeleza folda, kauli isiyoeleweka kwa Mswahili yeyote. Akiipata dhana, atatofautisha ruhusa ya kuendesha faili na ruhusa ya kupita katika folda. Vivyo hivyo, akiona root pekee ataandika mzizi kila mahali. Akielewa maana tatu, ataandika msimamizi mkuu panapohusu mamlaka, na kuliacha jina root lilivyo ndani ya amri, kwa kuwa tarakilishi hailitambui jingine. Panapohusu folda ya juu, anaweza hata kuuliza kama shina halifai kuliko mzizi, maana katika Kiswahili matawi hutoka shinani, na hata ukoo huhesabiwa kutoka shina lake. Swali kama hilo haliwezi kuzuka pasipo dhana.

6. Kigezo cha Kudumisha Dhana

Si kila dhana inastahili kubakia. Makala haya yanapendekeza maswali matatu. Kwanza, je, mazoea ya awali ya mtumiaji yanaweza kumpotosha kuhusu dhana hii? Pili, je, kosa linalotokana na kutoielewa ni gumu kurekebisha? Tatu, je, dhana inahitajika ili kuelewa amri nyingi, si moja tu? Jibu la ndiyo kwa swali mojawapo linatosha kuidumisha dhana.

Kuhusu mahali pa kuiweka, mfumo wa Diátaxis uliobuniwa na Daniele Procida unasaidia. Mfumo huo hugawa maandishi ya programu katika mafunzo, maelekezo ya kazi, marejeleo na ufafanuzi. Kwa njia hiyo, dhana huelezwa kwa ukamilifu mahali pamoja, na kurasa nyingine humwelekeza msomaji huko, hivyo aliyebobea hakerwi. Hata hivyo, kutenga kusiwe kisingizio cha kuficha. Onyo kuhusu kosa lisilorekebishika sharti likae kando ya amri yenyewe, kabla ya msomaji kuiandika.

7. Hitimisho

Imebainika kwamba dhana za msingi huondolewa kwa urahisi kwa sababu wanaohariri miongozo hawazihitaji tena. Kwao zimekuwa kama sarufi ya lugha ya mama, inayotumika bila kuonekana. Kwa hivyo, mwongozo unapopunguzwa, inafaa usomwe na mtu anayeanza kabla haujatolewa, kwani yeye ndiye atakayeonyesha pale maana ilipokatika. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi katika kazi hii. Wengi wao ni wapya katika Linux na wakati uo huo ni wajuzi wa lugha. Wakishirikishwa katika kusoma na kufasiri miongozo, wanaweza kuuliza maswali ambayo wahandisi wameacha kuyauliza.