Kishale cha upepo: tulichojifunza kwa kukosea

Kituo chetu kidogo cha hali ya hewa kipo nyuma ya nyumba ya parokia. Kishale chake cha plastiki kilipokatika hatukupata kingine cha kununua, hivyo tulitengeneza chetu. Tunapenda kuwashirikisha somo tulilolipata.

Vifaa: habu ya gurudumu la mbele la baiskeli kuukuu yenye gololi nzima, ubao mwembamba wa sentimita 60, kipande cha bati na bomba la chuma.

Utengenezaji: Tulifunga habu wima juu ya bomba, tukatia grisi kidogo, kisha tukafunga ubao juu yake. Upande mmoja tuliweka mkia mpana wa bati, upande wa pili ncha nyembamba. Upepo husukuma mkia, na ncha hugeukia upepo unakotoka. Upepo huandikwa kwa upande unaotoka, si unakoelekea. Kaskazini tuliitafuta kwa dira tukiwa mbali na bomba, kwani chuma huvuta sindano.

Kosa letu: Baada ya wiki mbili tuliona kwamba kila asubuhi yenye upepo hafifu daftari lilisema "mashariki". Kumbe mkia ulikuwa mzito kuliko ncha, na bomba lilikuwa limeinama kidogo kuelekea magharibi. Mkia ulishuka huko, ncha ikabaki mashariki. Tulifunga nati kwenye ncha hadi pande mbili zikalingana uzito, tukainyoosha nguzo kwa timazi.

Kamati ilikuwa imekusudia kupanda miti ya kukinga migomba. Mistari ya miti hiyo hupaswa kukingama na upepo mkali. Ikipandwa vibaya, kosa hudumu kwa miaka. Kwa hiyo siku zile 14 tulizipigia mstari na kuandika "kipimo kibovu", ingawa taarifa kwa wafadhili ilikuwa na pengo. Pengo ni afadhali kuliko takwimu ya uongo.

Kipimo cha kimataifa ni mita 10 juu ya ardhi, mahali pa wazi. Bomba letu ni fupi zaidi, nasi tumeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni kifaa gani kwetu tunakiamini bila kukikagua?
2. Tunapogundua kosa katika taarifa iliyokwisha kuandikwa, nani anapaswa kuambiwa kwanza?