Kuchagua Pampu ya Kuhamishia Mchuzi wa Zabibu

Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na tofauti na mtama au alizeti, haziwezi kukaa ghalani zikisubiri bei. Zikikosa mnunuzi kwa siku chache, huharibika. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wakulima na vikundi hukamua zabibu wenyewe, huchachusha, kisha huhifadhi mchuzi katika matangi makubwa hadi soko lipatikane. Tangi la lita 5,000 hubeba mavuno ya takribani tani 7 za zabibu. Mali hiyo yote inaweza kuharibika katika saa moja ya kuhamishwa kwa pampu isiyofaa.

Somo hili linaeleza namna ya kuchagua pampu kwa kuzingatia kazi itakayofanya.

Kwa nini mchuzi huhamishwa

Baada ya kuchachuka, hamira iliyokufa na vipande vya maganda hutuama chini ya tangi na kuwa mashapo. Mchuzi ukikaa mno juu ya mashapo mazito, hupata harufu ya mayai viza. Hivyo hauna budi kuhamishiwa tangi safi, pengine zaidi ya mara moja kabla ya kutiwa katika chupa.

Hatari iliyopo katika kuhamisha ni hewa. Oksijeni hufifisha rangi na harufu ya mvinyo, na huwapa nguvu bakteria wanaougeuza kuwa siki. Kwa hiyo pampu nzuri ni ile inayohamisha mchuzi taratibu, bila kuuchapa wala kuuchanganya na hewa. Nguvu ya farasi si kipimo cha kwanza.

Pampu ya maji haitoshi

Msindikaji anayeanza huvutwa na pampu ya maji kwa kuwa bei yake ni nafuu. Hata hivyo, mchuzi wa zabibu una tindikali, nayo hula chuma cha kawaida na shaba. Madini hayo yakiingia katika mvinyo, huufanya uwe na ukungu na huharakisha kuharibika kwake. Sehemu zote zinazoguswa na mchuzi ziwe za chuma kisichoshika kutu, au za plastiki na mpira vilivyoidhinishwa kwa chakula. Pampu iliyowahi kutumika kwa viuatilifu isitumike kamwe, hata ikioshwa. Pampu ya petroli nayo isiwashwe ndani ya jengo, kwa kuwa moshi wake huua.

Aina kuu za pampu

Pampu ya pangaboi gumu husukuma kwa kasi kubwa na bei yake ni ya chini. Inafaa kwa mchuzi ulio safi tu. Nyingi za aina hii hazivuti zenyewe. Ni lazima zijazwe kwanza au ziwekwe chini ya usawa wa mchuzi.

Pampu ya pangaboi la mpira ina mabawa yanayojikunja. Hujivutia yenyewe, huweza kuendeshwa polepole, na zilizo nyingi hugeuzwa mwelekeo kwa swichi. Hupitisha mashapo laini bila taabu. Kwa msindikaji mdogo, hii ndiyo inayofaa kazi nyingi. Udhaifu wake ni mmoja: ikizunguka bila kimiminika, mabawa huungua ndani ya muda mfupi. Pangaboi la akiba lipatikane kabla ya msimu.

Pampu ya kiwambo huendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Haidhuriki upesi ikikauka, ila husukuma kwa mapigo na huhitaji kompresa.

Pampu ya skrubu hupitisha hata maganda na mbegu. Ni nzito na ghali, na inafaa zaidi kwa kiwanda kinachopokea zabibu nyingi zilizopondwa. Nayo haipaswi kuendeshwa kavu.

Pampu ya kukamua mpira ndiyo laini kuliko zote, kwani mchuzi hugusa mpira wa ndani pekee. Bei yake hata hivyo huwa juu ya uwezo wa wengi.

Kukokotoa ukubwa

Msindikaji aanze na muda. Ikiwa tangi la lita 5,000 linapaswa kuhamishwa kwa saa moja, pampu itoe lita 5,000 kwa saa. Kisha apime kimo, kuanzia usawa wa mchuzi katika tangi la kwanza unapokaribia kwisha, hadi mahali pa juu kabisa mchuzi utakapofika. Kiasi kinachoandikwa kwa herufi kubwa kwenye pampu mara nyingi ni cha kusukuma bila kupanda popote. Kadiri kimo kinavyoongezeka, pampu nyingi hutoa pungufu. Muuzaji aombwe jedwali linaloonesha kiasi kinachotoka katika kimo husika.

Mpira nao una sehemu yake. Kwa lita 5,000 kwa saa, mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 hupitisha mchuzi kwa kasi ya takribani mita 0.7 kwa sekunde. Ukitumiwa wa milimita 25, kasi hupanda mara nne, hadi takribani mita 2.8, na mchuzi huchapwa. Kununua pampu nzuri na kuifunga mpira mwembamba ni kupoteza fedha.

Aina ya umeme ikaguliwe kabla ya kulipa. Pampu ya njia tatu haitafanya kazi katika jengo lenye umeme wa njia moja bila kifaa cha ziada.

Siku ya kuhamisha

Pampu iwekwe karibu na tangi linalotoa, na mpira wa kuvuta uwe mfupi na mpana. Viungio vya upande huo vikazwe kwa uangalifu wa pekee: vikilegea havivujishi mchuzi, bali hunyonya hewa kimyakimya. Kipande cha mpira unaopitisha mwanga kitaonesha mapovu mapema.

Mdomo wa juu wa tangi linalotoa ufunguliwe kabla ya kuwasha. Tangi lililofungwa likinyonywa huweza kubonyea na kuharibika kabisa. Katika tangi linalopokea, mchuzi uingie kupitia chini, usimwagike kutoka juu. Isipokuwa kwa pampu ya pangaboi gumu, vali ya upande wa kutoa isifungwe pampu ikiwa inasukuma, kwa kuwa mpira unaweza kupasuka.

Mtu asiingie katika tangi lililotoka kuchachusha. Hewa ya kaboni ni nzito, hutuama ndani, na huua upesi. Wengi hufa wakimfuata mwenzao kumwokoa. Sakafu ikiwa na maji, pampu ya umeme iwe na waya wa ardhi na swichi inayokata umeme unapovuja.

Usafi na ununuzi wa pamoja

Baada ya kazi, pampu isuuzwe kwa maji baridi, isafishwe kwa dawa inayofaa vyombo vya chakula, kisha isuuzwe tena. Dawa yenye klorini iepukwe, kwa kuwa huweza kuupa mvinyo harufu ya uvundo. Msimu ukiisha, pangaboi la mpira litolewe ili lisijikunje moja kwa moja.

Kwa mchuzi kidogo, pampu huenda isihitajike kabisa. Tangi likiwekwa juu ya jukwaa imara, mchuzi hushuka wenyewe kwa mpira, tena kwa upole kuliko mashine yoyote.

Pale pampu inapohitajika, majirani wanaweza kununua moja na kuitumia kwa zamu, maadamu inasafishwa kila inapohama. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Andiko la kikundi likionesha ujazo wa tangi, kimo, aina ya umeme na hali ya mchuzi, fedha itanunua pampu inayolingana na kazi.