Kwa Nini Picha Huharibika Irekebishwapo kwa Kompyuta

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alipiga picha ya ukuta wa nyumba moja ya kale katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Mbele ya ukuta ulipita waya wa umeme. Mwandishi akaufuta waya huo kwa programu ya kuhariri picha, kisha akaihifadhi picha kwa jina lile lile la awali. Baada ya mvua za masika lipu ya chokaa iliporomoka, na fundi aliyeitwa kuutengeneza ukuta akauliza ufa ulianzia wapi. Picha haikuwa na jibu. Waya ulipofutwa, sehemu ya ufa iliyokuwa kando yake ilifutwa pia, na picha ya asili haikuwapo tena.

Makosa ya namna hii huwapata walimu na wanafunzi wengi wanaotayarisha picha za magofu ya Kaole, za Ngome Kongwe au za milango ya nakshi kwa ajili ya mabango na vijitabu vya shule. Yafaa tujue sababu zake.

Picha ni jedwali la tarakimu

Picha ya kompyuta ni jedwali la nukta ndogo ziitwazo pikseli. Picha yenye pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo ina pikseli 12,000,000. Aghalabu kila pikseli huelezwa kwa namba tatu, kuanzia 0 hadi 255, zinazoonyesha kiasi cha nuru nyekundu, kijani na buluu. Kila namba huchukua baiti moja. Kwa hiyo picha nzima huhitaji baiti 36,000,000. Kuirekebisha picha ni kuzibadili namba hizo. Namba ikishapotea, programu haiwezi kuirudisha. Huweza tu kuikisia.

Kasoro ya kwanza: picha kuwa na ukungu

Picha huonekana safi katika simu, lakini ikichapwa kubwa hufifia. Sababu ni uchache wa pikseli. Uchapaji mzuri huhitaji pikseli zipatazo 300 kwa kila inchi, yaani sentimeta 2.54. Tuseme picha ya mlango ilitumwa kwa simu, na programu ya ujumbe ikaipunguza hadi pikseli 1,600 kwa upana. Tukiichapa kwa upana wa sentimeta 40, kila inchi itapata pikseli 102 tu. Kuongeza ukubwa kwa kompyuta hakuongezi nakshi, hutandaza zilizopo. Dawa yake ni kulipata faili la asili kutoka katika kamera.

Kasoro ya pili: miraba na mawimbi

Mtindo wa JPEG, uliosanifishwa mwaka 1992, hulibana faili kwa kuigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, kisha kuacha mambo madogo ambayo jicho huyaona kwa shida. Katika picha ya anga hasara haionekani. Katika nakshi za mlango, penye kingo nyingi kali, miraba na mawimbi hujitokeza. Tena, kila mara picha inapofunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa upya kwa JPEG, hubanwa tena, na hasara huongezeka. Kunakili faili bila kulihariri hakulidhuru hata kidogo. Wakati wa kazi, basi, tumia mtindo usiopoteza kitu, kama TIFF au PNG, au ule wa programu yenyewe. JPEG itolewe mara moja tu, mwishoni.

Kasoro ya tatu: rangi kupauka

Skrini hutoa nuru, ilhali karatasi huirudisha nuru iliyoiangukia kupitia wino. Ziko buluu na kijani kali ambazo skrini huweza kuzionyesha na wino wa kawaida hauwezi kuzifikia. Ndiyo maana bahari ing'aayo katika skrini huonekana imefifia katika bango. Sababu nyingine ni kutoa picha bila maelezo yanayoiambia mashine namba zake zina maana ya rangi zipi. Kwa skrini na intaneti chagua mpangilio wa sRGB. Kwa kiwanda cha uchapaji uliza kwanza wanahitaji upi, kisha chapa kipande cha majaribio.

Kasoro ya nne: marekebisho yanayodanganya

Chombo cha kufutia huchukua pikseli za mahali pamoja na kuzipandika mahali pengine. Hakijui tofauti ya waya na ufa. Katika picha ya harusi hilo halina madhara makubwa. Katika picha ya jengo la kale ni kuughushi ushahidi. Kuta za matumbawe na chokaa huliwa na mvua na upepo wa chumvi, na huenda picha ikawa ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki.

Hivyo zishikwe kanuni tatu: faili la asili lisiguswe kamwe, marekebisho yafanywe katika nakala, juu ya tabaka la pekee, na kila lililofutwa liandikwe.

Zoezi

1. Piga picha ya mlango wa nakshi au kitu chenye mistari myembamba. Itoe kwa JPEG katika ubora wa 90, 50 na 10. Linganisha ukubwa wa mafaili, kisha kuza sehemu moja na ueleze unachokiona.
2. Picha ina upana wa pikseli 2,400. Ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, itakuwa na upana wa sentimeta ngapi?