UKOGA ULIO CHINI YA UFIZI

Watu wa Kojani, kisiwa kilicho mashariki ya Pemba, wajulikana pwani yote kwa uvuvi. Wengine huenda dago, wakakaa siku nyingi ugenini. Kila mvuvi ajua ya kuwa chombo kikikaa sana majini, viumbe vyenye magamba magumu hushika ubao wake chini ya maji. Kukiosha ndani hakufai kitu. Sharti kipandishwe pwani kikwanguliwe.

Jino nalo ni vivyo hivyo. Juu yake hujijenga utando mwororo wenye vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndio ukoga. Mswaki huuondoa. Lakini ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa kama jiwe, wala mswaki hauuwezi tena.

Kwanza ufizi huvimba, hutoka damu upigapo mswaki. Wengi wakiona damu huacha mswaki, na ukoga huzidi. Wengine hudharau kwa kuwa hawaoni maumivu. Baadaye ufizi huachana na jino, pakawa na mfuko. Katika ufizi mzima, kina chake hakizidi milimita 3. Ugonjwa ukiingia, mfuko huongezeka kina, ukoga hushuka humo, mfupa ulishikao jino hulika, na jino hulegea. Mfupa uliokwisha kulika haurudi wenyewe.

Daktari wa meno hupima mifuko hiyo, hutia dawa ya ganzi, kisha huukwangua ukoga juu na chini ya ufizi kwa vyuma vyembamba, au kwa chombo kitetemekacho kitoacho maji. Hulainisha na mzizi, ili ufizi upate kulikumbatia jino tena. Siku chache ufizi huweza kuuma kidogo, na meno kusisimka kwa maji baridi. Baada ya majuma kadha daktari hupima tena.

Wako wasemao kwamba kukwangua hulegeza meno. Sivyo. Ukoga mgumu huziba nafasi kati ya meno na kuficha ulegevu. Ukiondolewa, madhara yaliyokuwapo zamani huonekana. Aogopaye kukwanguliwa leo, huenda akang'olewa jino kesho.

Meno ya mtu mzima ni 32, na ling'okalo haliroti tena. Basi pigeni mswaki asubuhi na usiku, jiepusheni na tumbaku, na mkiona damu msikawie kumwambia mzazi, ili daktari aangalie mapema. Naye aendaye dago asisahau mswaki wake, kama asivyosahau mshipi.

MASWALI
1. Kwa nini mswaki hauwezi kuondoa ukoga uliogandamana?
2. Ufizi utokao damu waonya nini?
3. Mtamjibuje asemaye kwamba kukwangua hulegeza meno?