Mnara Hausimami kwa Chuma Peke Yake

Wanachuo wenzangu, tukiona mnara mrefu wa redio macho yanakwenda kwenye chuma kilichosimama. Nyaya zinazoushikilia tunaziona kama nyongeza tu. Kumbe upepo ukija, kazi kubwa ni ya hizo nyaya.

Nyumbani kwetu ni Maisaka, mjini Babati. Napanga kusimamisha pale mnara wa mita 18 kwa ajili ya redio ya ridhaa, yaani ile ya watu binafsi wasiofanya biashara. Leseni yake hutolewa na TCRA, na alama za wito za Tanzania huanza na 5H. Si kwa kujifurahisha tu. Maporomoko ya tope ya Hanang, mkoani kwetu, Desemba 3, 2023, yalitukumbusha kwamba siku ya maafa habari inahitajika upesi. Mnara unaoanguka siku ya dhoruba hausaidii mtu, na pale kwetu utaangukia paa la jirani.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, tujiulize maswali matatu.

Kwanza, waya utavutwa kwa nguvu gani? Tuseme upepo unausukuma mnara juu kabisa kwa nguvu ya kilo 100. Nikifunga waya ardhini mita 14.4 kutoka kwenye kitako (asilimia 80 ya urefu wa mnara), waya utakuwa na urefu wa mita 23 hivi na utavutwa kwa kilo 160. Nikibana nafasi na kuufunga mita 6 tu, mvuto unapanda hadi kilo 316. Waya ni uleule na upepo ni uleule, ila mzigo umekaribia kuwa mara mbili! Tena kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Kwa hiyo pima kiwanja kwanza, ndipo uchague unene wa waya. Mimi nataka waya usiokatika hata ukivutwa mara tatu ya mzigo niliokokotoa.

Pili, unanyumbuka kiasi gani? Kamba ya katani tunayo nyingi nchini, lakini ikilowa hubadilika urefu, na baadaye huoza. Ya nailoni ina nguvu, ila hunyumbuka, mnara ukayumba. Zile kamba za plastiki za bei rahisi huliwa na jua. Waya wa chuma wa nyuzi zilizosokotwa na kupakwa zinki haunyumbuki sana. Ukishafungwa, hukazwa mapema kwa takriban asilimia 10 ya nguvu ya kuukata.

Tatu, unapitisha umeme? Hapa ndipo wengi hawafiki. Chuma kinaweza kunasa mawimbi ya antena yako na kuyapotosha, hasa kikiwa na urefu unaokaribia nusu ya wimbi. Kwenye masafa ya 14 MHz wimbi lina mita 21 hivi, kwa hiyo kipande cha mita 10 ni adui. Dawa yake ni kukata waya vipande vifupi, kwa mfano vya mita 4, na kuviunga kwa vihami vya kauri vyenye umbo la yai. Uzuri wa kihami hicho ni kwamba vitanzi viwili vya waya hupitana ndani yake. Kauri ikipasuka, vitanzi vinashikana na mnara haudondoki. Zipo pia kamba maalumu zisizopitisha umeme wala kunyumbuka sana, lakini bei yake si ya mwanafunzi.

Kwa Maisaka basi, mimi nachagua chuma chenye zinki na vihami, pande tatu zilizoachana nyuzi 120, na nanga za zege ardhini, maana masika udongo hulegea. Mnara wenyewe nao lazima uunganishwe na ardhi kwa ajili ya radi.

Ukitoka darasani leo, tazama nguzo ya umeme iliyo kwenye kona. Utaona waya unaoivuta upande mmoja, na mara nyingi kihami katikati yake. Pale kihami kinalinda watu wasipigwe shoti. Mahesabu ya mvuto ndiyo haya haya: chukua futi kamba, pima, ukokotoe.