Majina ya Hesabu Kubwa

Katika Feri ya Mombasa, watu wavukapo baina ya kisiwa na Likoni, abiria wa kila siku hukadiriwa kuwa kama laki tatu, yaani 300,000. Neno laki lilitoka Bara Hindi pamoja na biashara, na maana yake ni 100,000. Kupita hapo, Kiswahili hufuata majina yatumikayo katika Kiingereza, na yafaa kila mtu ayafahamu vema.

Milioni ni elfu mara elfu, nayo huandikwa 1 na sifuri 6. Bilioni ni milioni elfu moja, sifuri 9. Trilioni ni bilioni elfu moja, sifuri 12. Kwadrilioni ni sifuri 15. Kila jina huongeza sifuri 3.

Sifuri tatu huonekana kuwa kitu kidogo. Lakini msomaji na amfikirie mtu asimamaye Feri akiwahesabu abiria hao 300,000 kila siku. Milioni ataitimiza siku ya nne. Bilioni itamchukua miaka 9 na zaidi. Trilioni itataka zaidi ya miaka 9,000.

Tena majina haya hayana maana moja kila mahali. Zamani Waingereza waliita bilioni ile hesabu ya milioni mara milioni, yenye sifuri 12, hali Waamerika waliita hivyo ile yenye sifuri 9. Mwezi wa Desemba, 1974, Waziri Mkuu Harold Wilson alijibu Bungeni kwamba Serikali ya Uingereza hufuata maana ya Kiamerika, na ndiyo itumikayo sasa katika Kenya. Wafaransa wangali wakiishika ile ya kale. Milioni elfu moja wao huiita miliari, na neno hilo husikika Kongo, nchi ambayo bidhaa zake nyingine hupitia bandari ya Mombasa. Basi mfanyabiashara wa Mombasa akiandikiana kwa Kifaransa na mwenziwe wa Bukavu, bilioni ya huyu ni trilioni ya yule: wamepishana mara elfu.

Kwa hiyo hati ya deni au ya mauzo isiandikwe kwa jina peke yake. Iandikwe kwa tarakimu pia, sifuri zikitengwa tatu tatu. Na mwenye kutia sahihi azihesabu kwanza, ndipo ashike kalamu.