Chumvi ya Mwili, Kuharisha na Hukumu ya Kufungua Saumu



Kisenyi iko bondeni. Mvua kubwa ikinyesha, mfereji wa Nakivubo hufurika, maji machafu huingia majumbani, na maradhi ya kuharisha hayachelewi. Yakija mwezi wa Ramadhani, sisi tunaosoma dini ndio tunaoulizwa: "Nifungue au nivumilie?" Mimi si tabibu, lakini naona jibu la fiqhi halikamiliki bila kujua ni nini kinachomtoka mgonjwa.

Hayatoki maji peke yake. Hutoka na sodiamu, inayosawazisha maji ndani na nje ya seli, na potasiamu, inayotegemewa na misuli na moyo. Katika damu ya mtu mzima mwenye afya, sodiamu huwa milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na potasiamu 3.5 hadi 5.0 hivi.

Dalili

Sodiamu ikishuka: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Ikipanda: kiu kali na kuchanganyikiwa vilevile. Potasiamu ikishuka: misuli kulegea, tumbo kujaa, moyo kudunda ovyo. Ikipanda, huenda mgonjwa asihisi kitu mpaka moyo uathirike. Kwa kuwa dalili hufanana, hakika hupatikana kwa kupima damu.

Tiba

Anayeweza kunywa apewe ORS mapema, ichanganywe kama pakiti inavyoelekeza. Ina sodiamu, potasiamu na sukari. Sukari huusaidia utumbo kufyonza sodiamu, na maji hufuata. Pakiti ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Chumvi isizidi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo ndizi husaidia.

Aliyelegea sana, aliyechanganyikiwa, asiyeweza kunywa au anayeharisha kama maji ya mchele apelekwe Kituo cha Afya cha Kisenyi upesi. Dripu ni kazi ya wahudumu: sodiamu iliyokuwa chini kwa siku nyingi ikipandishwa haraka huweza kuudhuru ubongo.

Mgonjwa wa figo ana hukumu yake. Figo zikishindwa, potasiamu hubaki mwilini, na tende, ndizi na matoke zina potasiamu nyingi. Amfuate daktari wake. Kufuturu kwa maji pia kumo katika Sunna.

Hukumu

Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Wanazuoni wameeleza kuwa akihofia kuangamia, kufungua huwa wajibu. Kunywa ORS mchana kunafunguza, naye hana dhambi.

Basi ukiulizwa, usikimbilie kusema "vumilia". Uliza kwanza: ameharisha mara ngapi? Anakojoa? Anaweza kusimama? Kisha mwambie wazi: kunywa, utalipa ukipona.

Wallahu a'lam.